Fundi Valerian, Aliyekosea kwa Makusudi

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu mliotoka mjini na Mzee Lukmani, rafiki wa marehemu, asalaam aleikum. Naomba msogee karibu, maana upepo huu wa mwezi wa nane hauna adabu, na sauti yangu niliimaliza juzi kwenye kikao cha msiba, kama mtakavyosikia. Mimi ni Josefina, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu. Nimepewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake. Kazi hii huwa rahisi marehemu akiwa mtu wa kawaida. Marehemu wetu hakuwa wa kawaida, na hata kitandani hakunirahisishia.

Kwanza nirekebishe ratiba mliyoshika. Ukurasa wa mbele unasema maziko yatafanyika kwenye makaburi ya kijiji cha Tupendane. Msiuamini. Ulichapwa kabla mambo hayajageuka. Ukurasa huu wa wasifu umechapwa upya jana, siku ya Nane Nane, maduka yakiwa yamefungwa, baada ya Mzee Lukmani kwenda kumtoa mwenye steshenari nyumbani kwake. Hatuko Tupendane. Mmetembea kwa miguu mpaka hapa Malangwe, kijiji chetu cha zamani, na viatu vyenu vimejaa vumbi. Wengine nimewasikia njiani mkiuliza tunaenda wapi. Subirini, nitawaambia.

Marehemu Valerian Yohanes alizaliwa hapa hapa Malangwe tarehe 14 Aprili 1953, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohanes na Mama Luciana. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Valeriani, ndipo jina lilipotoka. Tarehe hiyo nina uhakika nayo kwa sababu iko kwenye cheti chake cha ubatizo. Tungemtegemea mwenyewe tungekuwa bado tunabishana. Wajukuu aliwaambia alizaliwa mwaka wa nzige. Wakwe zake aliwaambia alizaliwa njiani, mama akienda sokoni. Akishasema hivyo anakaa kimya, anakuangalia, anasubiri mtu apige kelele. Mwenye kupiga kelele siku zote nilikuwa mimi.

Alianza shule ya misheni Kaengesa mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Mama alitusimulia kwamba aliwahi kuitwa na mwalimu kwa sababu ya tabia moja. Mwalimu akieleza jambo likawa halieleweki, Valerian alinyoosha mkono akajibu ovyo kabisa, mwalimu akakasirika, akaeleza upya kwa hasira, na mara hii darasa zima likaelewa. Mama alirudi nyumbani akicheka njia nzima. Angemchapa siku ile, huenda leo tungepumua.

Baba yetu alifariki mwaka 1966. Marehemu alimsaidia mama kulima ulezi na maharage, na mwaka 1972 akaenda Namanyere kujifunza ushonaji. Alikuwa huko mwaka 1974 ulipotoka uamuzi kwamba watu wa Malangwe wote wahamie kijiji kipya cha Tupendane. Watoto tulipelekwa na lori la kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshika kuku. Mama alikuwa mgonjwa, akaambiwa asubiri safari ya mwisho, atakaa mbele na dereva. Hakuifikia. Alifariki mwezi wa Novemba, mvua zimeshaanza, nyumba nyingi zimeshaezuliwa. Barabara ya Namanyere ilikuwa matope matupu, habari zikamfikia Valerian mama ameshazikwa. Kwa hiyo katika nyumba yetu hakuna aliyeona kaburi. Mwanamume aliyebaki nyuma akamzika, kati ya walio hai, ni mmoja tu, naye ni jirani yetu Mzee Polikarp, ambaye amekaa pale mbele, amevaa koti la kahawia.

Naomba mzishike habari hizo vizuri, kwa sababu maisha yote ya marehemu yalizunguka hapo.

Kwa kazi alikuwa fundi wa kushona. Alifungua baraza lake Tupendane mwaka 1976 na hakuhama hata siku moja. Sare za shule, mashati ya kwaya, magauni ya Krismasi, vyote vilipita mikononi mwake. Alishona vizuri lakini alichelewesha, na sababu ya kuchelewesha mnaijua. Mtu alikwenda kupimwa suruali akatoka jua linazama, ameshasimulia maisha yake yote na ya babu yake.

Ndoa yake pia ilianzia kwenye futi. Dada Avelina alipeleka kitambaa akashonewa gauni, likawa pana. Akalirudisha, likawa refu. Akalirudisha tena, mkono mmoja ukawa mfupi. Mama yake Avelina alisema huyu fundi ama ni kipofu au ana lake jambo. Walifunga ndoa kanisani Kaengesa tarehe 25 Agosti 1979, na bibi harusi alivaa gauni lililomkaa sawasawa. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa nije kwenye jambo lililonizeesha.

Tarehe 2 Novemba 1981, siku ya kuwaombea marehemu wote, Padre alikuja Malangwe kubariki makaburi ya zamani. Akauliza, kaburi la Mama Luciana liko wapi? Marehemu Mzee Wilibrodi, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu siku ile. Siku mama anazikwa yeye alikuwa ameshahamia Tupendane, anagawa viwanja. Lakini Padre ameuliza, na mzee hawezi kusema sijui mbele ya watu. Akainua fimbo, akaonyesha mwinuko mmoja kule chini kwenye mteremko. Akasema, "Ni hapa." Halafu akamgeukia Polikarp, "Au siyo, mwanangu?"

Na Polikarp, mwenye kujua ukweli, alikuwa ameshamwoa Fortunata, binti wa Mzee Wilibrodi. Mkwe atampinga baba mkwe mbele ya Padre? Kwetu Ufipa? Akainama, akapiga makofi polepole kama tunavyowaamkia wakubwa, akasema, "Ndiyo, baba. Ndivyo." Padre akanyunyiza maji ya baraka. Tukasimika msalaba. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Huku kwetu likisemwa na mkubwa lipo hata kama halipo.

Tukapalilia pale kila mwaka, tukasali rozari, tukapanda maua. Mwaka 1987 marehemu akapiga goti apalilie, akakuta pameota ulezi ambao hakuupanda mtu, umenenepa, una masuke makubwa. Akachota udongo akaunusa. Akaniambia, "Josefina, kaburi gani lina mbolea namna hii?" Nikamwambia aache mchezo. Hakuwa anacheza. Sote hapa ni wakulima, tunazijua intumba zetu, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi zioze ili shamba lipate nguvu. Ndugu zangu, kwa miaka sita tulikuwa tumelipigia magoti tuta la shamba.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza. Alikwenda nyumba kwa nyumba: mama alizikwa wapi, nani aliona, siku za kuhama ilikuwaje. Wote walimpokea vizuri, wakampa kiti na togwa, wakamjibu jambo moja: "Ni kama alivyosema Mzee Wilibrodi." Hata ambao siku hiyo walikuwa Kipili wananunua dagaa walijibu hivyo. Hatusemi uongo sisi. Tunaona vibaya tu kumharibia mtu maneno yake. Adabu hii itakuja kutuua, na tutakufa tunapiga makofi.

Basi marehemu akarudi kwenye tabia yake ya darasani. Akaacha kuuliza, akaanza kukosea. Alinunua redio ya kurekodia kwenye duka la Mzee Lukmani mjini, akaiweka chini ya cherehani. Ukishasimama unapimwa, amekuzungushia futi kiunoni, huwezi kuondoka, anasema taratibu, "Nasikia ninyi mlihama mkalia, mkabebwa kama mizigo." Unaruka: "Nani kasema! Baba yangu alitembea kwa miguu yake, na ng'ombe wake mbele!" Redio inazunguka. Mtu ambaye hajawahi kumpinga mtu tangu abatizwe anapinga mpaka jasho linamtoka. Mimi mwenyewe alininasa na yule kuku. Alisema nasikia ulihama umebebwa mgongoni. Nilimaliza upande mzima wa kaseti.

Hata Mzee Lukmani hakupona. Dereva wa lile lori alikuwa baba yake. Siku alipokwenda kununua redio, marehemu akamwambia, "Nasikia mzee wako aliwashusha watu njiani." Lukmani akafunga duka. "Baba yangu? Fundi, baba yangu alirudi na lori tupu mpaka Malangwe kufuata mawe ya kusagia! Akina mama walikuwa wameyasahau, wanalia hawatapika nini. Aliyapakia yeye mwenyewe, mgongo ukamuuma mpaka anakufa!" Ndivyo tulivyojua mawe yetu yalifikaje Tupendane. Hakuna mtu kwetu aliyekuwa ameisema habari hiyo, maana hakuna aliyekuwa ameikosea.

Kwa njia hiyo alikusanya habari za kijiji kizima: nani alizaliwa njiani siku ya kuhama, nani alirudi kwa siri kuvuna maharage yake, wazee gani waliwahi kufua chuma, mganga yupi alikataa kupanda lori mpaka mbuzi wake apande kwanza. Kaseti, na baadaye simu, anazo binti yake Lydia. Ni sauti zenu na za wazee wenu, na wengi wao wameshatangulia. Mimi nimesikiliza nikalia, halafu nikakasirika, kwa sababu sehemu kubwa ni ninyi mnamgombeza kaka yangu.

Tena ametuachia hasara. Makosa aliyoyatega mengine hayakupingwa, yakaota mizizi. Kwenye ukuta wa shule yetu ya msingi pameandikwa kwa rangi ya bluu kwamba kisima cha kwanza cha Tupendane kilichimbwa na baba yake Mzee Lukmani. Alikuwa dereva yule! Hajawahi kushika sululu! Ulikuwa mtego wa marehemu, mwalimu mmoja akausikia akaupenda. Mzee Lukmani, nakuona unacheka. Tangu ukuta upakwe rangi sijakusikia ukikanusha.

Lakini mtu mmoja hakunaswa. Marehemu alimwambia Mzee Polikarp, "Kaka, nakumbuka ulisema mama yuko kando ya kijito." Polikarp akasema, "Ndivyo, mdogo wangu." Mwaka mwingine: "Au ni kule kwenye mwamba?" "Kwenye mwamba, ndiyo." Mwingine: "Nyuma ya kanisa la zamani?" "Ndivyo, ndivyo." Mama mmoja, makaburi manne, na Polikarp ameyakubali yote kwa heshima na tabasamu. Kaka alikuwa anarudi nyumbani anakaa kwenye cherehani bila kushona. Alikuwa na ombi moja tu duniani, nalo sote tulilijua: azikwe pembeni ya mama yake.

Marehemu alianza kuumwa figo mwaka 2023. Alitibiwa mjini Sumbawanga, akawa anaenda na kurudi, na kila alipolazwa aliwarekodi wagonjwa wenzake. Mwezi wa Julai mwaka huu hali ilibadilika. Nilikuwa naye wodini. Alinishika mkono akasema, "Josefina, nimegundua nilipokosea." Nikamwambia wewe kukosea ndiyo kazi yako. Akasema, "Polikarp nimemkosea mahali tu. Mahali si kitu kwake, atakupa popote unapotaka. Sijawahi kumkosea heshima. Nilishindwa. Yule alimzika mama yangu, nitamtukanaje?" Akapumzika kidogo, akasema, "Wewe una mdomo."

Alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mkewe alikuwa pembeni yake.

Alhamisi alasiri kulikuwa na kikao cha msiba, na mimi niliombwa niwasomee wazee rasimu ya wasifu ili wahakiki. Nikasoma kuzaliwa. "Sawa kabisa, mwalimu." Nikasoma shule. "Sawa kabisa." Kwa makusudi nikasema alioa mwaka 1990. "Sawa, mwalimu, endelea." Wakati Flavian, mzaliwa wake wa kwanza, mwenye mvi, amekaa mbele yao! Nikapandwa na hasira, nikajua siku yenyewe ni hii. Nikasoma kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Mama yake marehemu, Luciana, alifukiwa haraka haraka kama mnyama. Hakuoshwa, hakuvikwa sanda, hakusaliwa, kwa sababu aliyebaki naye alikuwa anawahi lori."

Mzee Polikarp akasimama. Mke wake Fortunata akamvuta koti, mzee akalichomoa mkononi mwa mkewe. Akasema, "Hapana."

Watu waligeuka. Sidhani kama kuna mtu Tupendane aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Hapana, Josefina. Futa hayo. Mama Luciana aliogeshwa kwa maji ya moto. Huyu Fortunata hapa alimwogesha, msichana bado, yeye na mama yake. Alivikwa shuka lake jipya. Lori likapiga honi, wanawake wakaondoka, nikabaki mimi na marehemu Calvin. Mbao za sanduku hatukuwa nazo. Nikang'oa mlango wa nyumba yake, tukamfunika nao, udongo usimguse. Tukasali rozari nzima, na mvua inanyesha. Nikayachukua mafiga yake matatu jikoni nikayapanga kichwani pake, ili ajulikane kuwa ni mama mwenye nyumba. Nyuma ya jiko lake mwenyewe. Sikumzika kama mnyama."

Mzee alikuwa analia. Na mimi nililia, halafu nikapiga kelele. Nilimuuliza, "Kaka Polikarp, kwa nini hukusema?"

"Baba mkwe alishaonyesha. Padre alishanyunyiza maji."

"Mzee Wilibrodi amefariki mwaka tisini na nane!"

"Ndiyo."

"Na tangu hapo?"

Akajifuta macho. "Tangu hapo mlikuwa mmeshapazoea."

Ndugu waombolezaji, nimefundisha watoto wa darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na aliyekosea hajawahi kuniponyoka bila karipio. Mzee huyu nilimkumbatia tu.

Jana asubuhi tulikuja hapa, Mzee Polikarp mbele na fimbo yake. Msingi wa nyumba yetu bado upo, huu mnaoukalia baadhi yenu. Nyuma ya jiko vijana walifyeka majani, na mafiga yalikuwepo, yote matatu, yamezama nusu. Ni haya hapa mbele yangu. Kaburi la marehemu limechimbwa upande wa kulia wa mama yake. Flavian alitaka nimlaumu Mzee Polikarp hadharani leo, nimlipizie baba yake. Nimeshamlaumu vya kutosha kwa sauti yangu iliyokauka. Kinachoniuma ni kwamba aliyetafuta mahali hapa tangu ulezi ule uote hakuletwa na miguu yake, ameletwa na wenzake.

Marehemu ameacha mjane, Avelina, watoto watatu, Flavian, Lydia na Wilibrodi, ambaye alimpa jina la mzee yule kwa heshima, na hilo nalo sijawahi kumwelewa, wajukuu tisa, mdogo wake ambaye ni mimi, rafiki yake Mzee Lukmani, na Mzee Polikarp, ambaye familia imeamua kuanzia leo aandikwe kama kaka yetu mkubwa, apende asipende. Najua atasema ndiyo.

Mwisho, ndani ya wasifu huu nimeacha kosa moja kwa makusudi. Sisemi ni lipi. Atakayeliona asije akaniambia "sawa kabisa, mwalimu." Jumatatu aende barazani, Lydia atakuwa amekaa kwenye cherehani ya baba yake na simu imewashwa, na amgombeze kama mlivyomgombeza fundi wenu. Chagueni lolote mtakalo mlipinge, ila mahali hapa msipaguse. Hapa si kosa. Valerian yuko pembeni ya mama yake.

Apumzike kwa amani.